Nusu ya Mtu Mmoja

Mke wangu alikuwa mpishi wa pombe ya kangara, na kipimo chake kilikuwa kata niliyomtengenezea mimi. Nyuma ya nyumba yetu, kwenye matuta ya juu ambako kabichi hazikustawi, nilikuwa napanda mamung'unye. Yaliyokomaa na kukauka niliyapasua kwa msumeno mdogo, nikakwangua utumbo wake mkavu, nikachemsha ganda mpaka uchungu uishe. Lililokuwa na shingo ndefu likawa kata. Lililonenepa likawa kibuyu. Kata moja ilidumu miaka, ikawa nyekundu kama udongo wa njia ya Mgeta, na mpini wake ukang'aa kwa mafuta ya kiganja chake.

Mimi si mzaliwa wa kule juu. Nilizaliwa bondeni, upande wa Kingolwira, nikajifunza uashi, nikapanda Uluguru nikiwa kijana kwenda kujenga nyumba ya parokia. Kazi ilipokwisha wenzangu walishuka, mimi nikabaki. Nilimwona binti mmoja akibeba maji kwenda kwa mafundi, tukaelewana, nikaoa kwao. Kwetu Waluguru ardhi na watoto hufuata upande wa mama. Mwanamume aliyeoa hukaa kwenye shamba la ukoo wa mkewe, analima, anajenga, anazeeka hapo, lakini ardhi si yake. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, wala halikunisumbua. Nyumba nilijenga mwenyewe, tofali kwa tofali. Mke alikuwepo. Hatukujaliwa mtoto, na watu walikwishaacha kutuuliza.

Jumapili baada ya misa watu walikuja kunywa uani kwetu. Mke wangu alikaa kwenye kigoda kando ya mtungi, kitenge kimefungwa kifuani, kata mkononi. Kwanza alichota kidogo akanywa mwenyewe, kisha akanipa mimi. Hiyo ilikuwa ya kuonyesha kwamba pombe ni salama, na wenye nyumba hawana jambo na mtu. Baada ya hapo ndipo wageni walipopewa. Hakuna aliyeagiza kwa lita. Watu walihesabiwa kwa macho. Wawili walimiminiwa kata kadhaa kwenye bakuli, wakazungushiana. Wazee waliokaa kwenye gogo walipewa bakuli kubwa la mti, nalo lilitembea kutoka mkono wa kulia kwenda kushoto, kila mmoja akifuta mdomo wa bakuli kwa kidole gumba kabla ya kumpa mwenzake. Kibuyu kilikuwa cha mgeni aliyetoka mbali, au cha mtu anayekwenda safari. Kilijazwa, kikafungwa kwa jani la mgomba, mtu akaondoka nacho.

Mtu aliyekuja peke yake akajibanza pembeni, mke wangu hakumpa chombo. Alimwambia, "Wewe, sogea pale kwa wenzako. Mimi sina bakuli la mtu mmoja." Na kweli hakuwa nalo. Watu walicheka, yule mtu akasogea, na baada ya muda ungemsikia naye anabishana habari za mvua na bei ya karoti.

Alikufa mwanzoni mwa masika, kwa homa ambayo sote tulidhani ni ya kawaida. Tulimbeba kwa machela kuteremka mpaka barabarani, tukapata gari, lakini alifia njiani akiwa ameshika kidole changu kimoja tu, hiki cha shahada. Nakumbuka nilikuwa nafikiri kwamba nikikivuta ataamka.

Siku ya kumaliza tanga, ukoo wake ulikuja wote. Mpwa wake, binti wa dada yake aliyetangulia kufa, ndiye aliyepika kangara. Aliipika vizuri. Nilinusa tangu asubuhi nikajua kimea cha ulezi hakikuungua. Uani kulikuwa na watu wengi kuliko nilivyowahi kuona. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikaa kando ya mtungi mahali pale pale pa dada yake. Alichota, akanywa. Nilinyoosha mkono, kwa mazoea tu. Akampa kata yule binti mpishi. Binti akanywa, akainamisha macho.

Kisha shemeji akaenda ndani akatoka na kibuyu. Kilikuwa kikubwa, kimejaa hadi shingoni, kimefungwa jani la mgomba. Akakishika kwa mikono miwili, akapiga goti moja mbele yangu kwa heshima kubwa, mbele ya watu wote.

"Shemeji," alisema, "umetutunzia dada yetu. Karibu, unywe."

Watu wakapiga makofi ya taratibu, yale ya kushukuru. Nami nikapokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kisha mabakuli yakaanza kuzunguka. Yalipita mbele yangu, yakapita nyuma yangu. Hakuna aliyenipa bakuli, kwa sababu mimi nilikuwa na kibuyu changu. Nilikaa nacho magotini kama mtu aliyepakata mtoto wa wenyewe. Nilijaribu kunywa, lakini kibuyu kile kilikuwa kingi mno kwa mtu mmoja, na sikuona wa kumwambia shika.

Walipoondoka wengi, nilimfuata shemeji alikokuwa anaosha mikono.

"Nimekielewa kibuyu," nilimwambia.

Alitikisa mikono akaikausha kwenye suruali. Hakuwa mtu mbaya. Tulikuwa tumelima pamoja, tumechimba makaburi pamoja. "Usikielewe vibaya, shemeji. Hakuna anayekufukuza. Kaa mpaka uchoke mwenyewe."

"Na nyumba?"

"Nyumba umejenga wewe, kila mtu anajua. Lakini mpwa wangu anaolewa, na lukolo wamesema sehemu hii ndiyo yake." Lukolo ndilo neno letu la ukoo. Alilitamka taratibu, kama anayeweka mzigo chini. "Ungekuwa na mtoto kwetu, ungekaa kwa mwanao. Sasa mimi nifanyeje?"

Hata mimi ningekuwa yeye nisingejua la kufanya. Nilikaa mpaka kabichi zilipovunwa. Yule binti alikuwa ananiletea chakula na kunisalimia kwa adabu zote, lakini kila alipoingia jikoni nilisikia anahamisha vyungu, anavipanga atakavyo yeye. Asubuhi moja nikafunga vifaa vyangu vya uashi, nikateremka. Kata nilimwachia binti. Alikuwa mpishi, angeihitaji.

Kingolwira sikuwa na mtu tena. Dada yangu alikwishafariki, na nyumba ya mama ilibaki kichuguu chenye majani. Nikapanga chumba Morogoro mjini, Mwembesongo, katika nyumba ya mama mmoja mjane wa Kiislamu. Alinionyesha chumba, bomba na choo, halafu akasimama mlangoni, ushungi wake ameushika kidevuni.

"Baba, nasikia nyie watu wa milimani mnakunywa."

"Kidogo, mama."

"Humu ndani tunaswali. Ukinywa, nywea huko huko, urudi na usingizi wako."

Nilimwahidi, na ahadi hiyo nimeishika. Mchana nilipata vibarua vya kupiga plasta na kujenga kuta za uzio, maana mji huu unajengwa kila upande. Vijana waliniita mzee, wakanipa kazi za chini ili nisipande jukwaani. Jioni ndiyo ilikuwa ngumu. Chumba kilikuwa na kitanda, ndoo na dirisha moja linalotazama ukuta. Nilikuwa napika wali, na kila mara unakuwa mwingi, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umezoea kupimia watu wawili.

Kilabu nilikipata kwa kufuata harufu. Kiko nje kidogo, upande wa barabara ya Mzinga, banda la mabati lenye mabenchi na uwazi mwembamba katikati ambako watu hucheza bao. Kuna runinga imefungiwa kwenye kizimba cha nondo ili isiibwe. Mwenye kuuza alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye aproni iliyowahi kuwa ya bluu. Mbele yake kulikuwa na mapipa ya plastiki yenye mifuniko, na juu ya meza vyombo vimepangwa kwa ukubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Naomba kangara."

"Mko wangapi?"

Swali lile nililijua. Nilitazama nyuma, sijui kwa nini. "Niko peke yangu."

"Basi nusu inakutosha," akasema, akachota akanipa kopo la plastiki la nusu lita, la kijani, lililokatwa mdomo kwa kisu cha moto.

Vijana wa bodaboda waliokaa karibu wakasema, "Mama, umempa mzee mseja!"

Nilidhani wananisema mimi. Baadaye nikaelewa kwamba pale vyombo vina majina. Nusu lita inaitwa mseja. Lita nzima inaitwa ndoa, kwa kuwa ni ya wawili. Jagi la plastiki ni familia. Ndoo yenye mfuniko ni harusi, na huagizwa timu ikishinda au mtu akipata pikipiki mpya. Majina hayo yalikuwa yametoka nje ya kilabu yakaenea mjini. Nilimsikia kondakta wa basi akimwambia abiria aliyekaa peke yake kwenye kiti cha watu wawili, "Mseja, sogea tufunge ndoa." Nilisoma nyuma ya bajaji, maandishi ya rangi nyekundu: FAMILIA HAIJAI JAGI. Hata mtangazaji mmoja wa redio, Jumamosi mchana, alikuwa anatuma salamu kwa wote wa mseja na wote wa ndoa, popote walipo, kisha anapiga muziki wa taarabu. Mama mwenye nyumba yangu, ambaye hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, nilimsikia akimwambia jirani kwamba sufuria fulani ni ya mseja tu, haifai kwa futari.

Kwa hiyo nikawa wa mseja. Wanywaji wa nusu walikaa kwenye benchi la ukutani, kwa sababu meza zilikuwa za majagi. Hakuna sheria iliyosema hivyo. Lakini ukishika kopo dogo miguu inakupeleka ukutani yenyewe. Nilikunywa taratibu ili kopo lisiishe, maana likiisha huna sababu ya kuendelea kukaa. Watu walicheka kwenye meza, nami nilitabasamu pale walipocheka, ingawa mara nyingi sikusikia kilichosemwa.

Mwezi wa Ramadhani mama mwenye nyumba aliniletea futari mlangoni: muhogo wa nazi, maharage, tambi, vyote kwenye bakuli ambalo lingelisha watu wanne.

"Mama, hii nyingi."

"Chakula cha mtu mmoja mimi sijui kukipika," alisema, akaondoka.

Nilikula nikashindwa. Nilikaa na lile bakuli mbele yangu, na ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nililia kimya, kwa sababu kuta za nyumba ile ni nyembamba.

Kwenye benchi la ukutani kulikuwa na mzee mwingine wa mseja. Alivaa kofia ya pama, na kila alipokunywa funda moja alilifunika kopo lake kwa kofia hiyo, eti nzi. Tulikaa jirani kwa muda mrefu bila kusema zaidi ya habari za jioni. Mtu na kopo lake. Siku moja mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata runinga haikusikika, na watu wote wakabanana ndani. Yule mzee aliniinamia, akapaza sauti.

"Mwenzangu, kila siku nakuona. Unamsubiri nani?"

"Simsubiri mtu," nikapaza na mimi. "Na wewe?"

"Hata mimi."

Akafikiri kidogo. "Basi kama wote hatusubiri mtu, hizi nusu za nini?"

Akainuka, akapasua kundi la watu hadi mezani kwa mama muuzaji, akarudi na kopo la lita na vikombe viwili vya bati. Vijana wa bodaboda waliona. Banda zima likalipuka.

"Jamani, wazee wamefunga ndoa!"

"Vigelegele!"

Mama muuzaji mwenyewe akapiga kigelegele. Yule mzee akavua kofia, akainamia upande huu na ule kama bwana harusi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko kinauma.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa, amestaafu. Mkewe waliachana zamani, na binti yake mmoja anaishi Dodoma. Alikuwa ameendesha nchi nzima, na popote alipolala alikunywa cha wenyeji. Alinieleza kwamba Moshi mbege huja kwenye kata moja kubwa, na mtu hanywi bila kumpa jirani, hata kama ana mafua. Kwa Wahaya alinyonya rubisi kwa mrija kutoka kwenye kibuyu kidogo chenye shingo, na kila mzee ana chake, na ole wako uguse cha mwenzako. Iringa msimu wa ulanzi alinyweshwa kwenye kipande cha mwanzi, akashindwa kukitua kwa sababu mwanzi hausimami.

"Unalazimika kuumaliza," alisema. "Wale watu wana akili sana. Walitengeneza chombo kisichokubali kutuliwa."

"Na kwenye lori ulikunywa na nani?"

"Kwenye lori?" Aligeuza kikombe mkononi. "Ukiegesha mahali hujuani na mtu, unanunua chupa, unarudi kwenye kebini. Chupa ndiyo kipimo cha dereva. Ina mdomo mmoja tu."

Nami nikamweleza habari za mtungi wetu uani, na kata, na mke wangu aliyekataa kuwa na bakuli la mtu mmoja. Sikuwahi kumweleza mtu yeyote mjini. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema, "Ningempenda mama huyo. Angenifukuza ukutani." Halafu akatumiminia, kwangu na kwake, kwa kusawazisha, akitazama vikombe kwa jicho moja kama anayepima maji ya betri.

Kugawana lita kulikuwa na shida yake. Yeye alikunywa haraka, mimi polepole, na mwanzoni nilihisi ananimalizia. Akagundua. Akaanza kunisubiri, akishika kikombe kitupu, akiongea ili nisione anasubiri. Niliona. Nikaanza kuongeza mwendo. Baada ya muda tukawa tunamaliza pamoja, na hakuna aliyewahi kulitaja jambo hilo.

Halafu akaacha kuja.

Jioni ya kwanza nilichukua lita kama kawaida, nikaweka vikombe viwili, nikangoja. Povu likalala. Nilikunywa kikombe changu, lita ikabaki zaidi ya nusu, nikaiacha. Jioni iliyofuata nilifanya hivyo hivyo. Kijana mmoja akasema kutoka mezani, "Mzee, umeachika nini?" Mama muuzaji akamgeukia na mwiko mkononi, "Wewe mdomo wako ufunge, baba yako huyo." Kijana akaniomba radhi, na aliomba kwa moyo. Lakini siku iliyofuata niliposimama mezani, mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Nikupe lita, baba?" nikasema, "Nipe nusu." Akanipa. Hakuniangalia usoni.

Ndipo nilipotambua kwamba sijui anakoishi. Nilijua barabara zote alizopita, nilijua mji gani alipasua gurudumu na nani alimpa hifadhi, lakini sikujua mlango wake. Simu yake sikuwa nayo, maana tulikutana kila siku, ya nini? Mama muuzaji alijua tu kwamba huwa anatokea upande wa reli.

Jumapili baada ya misa nikaanza kutafuta. Nilizunguka vichochoro vya kando ya reli nikiuliza dukani, kwa mafundi baiskeli, kwa kina mama wa maandazi. Nilisema namtafuta mzee wa pama aliyekuwa dereva wa malori. Wengine walinielekeza kwa dereva mwingine kabisa, kijana, tukasalimiana tukaagana. Jua lilikuwa limegeuka nilipofika kwa mama mmoja anayechambua mchicha barazani. Akasema, "Yule anayefunika kikombe kwa kofia? Mlango wa pili, lakini anaumwa."

Nilimkuta amekaa kitandani, mguu mmoja umewekwa juu ya mto, umevimba na kufungwa bandeji. Chumba chake kilifanana na changu hata nikashtuka: kitanda, ndoo, dirisha linalotazama ukuta.

"Umenipataje?"

"Kwa kofia."

Akajaribu kucheka. "Kisukari, ndugu yangu. Kidonda kidogo tu cha kiatu, sasa tazama. Daktari kasema pombe basi. Si lita, si nusu, si funda." Akauvuta mto chini ya mguu. "Nikaona nitakujaje kukwambia hivyo pale, mbele ya watu."

"Ungekuja tu."

"Nikae na wewe nikutazame unakunywa?"

"Nisingekunywa."

Alijifuta uso kwa upindo wa shuka. Nilitoka nikaenda kwa yule mama wa mchicha, nikamwomba chai. Akanipa chupa nzima na vikombe viwili, hakuuliza mko wangapi. Chai yake haikuwa na sukari. Tulikunywa.

"Hii haina jina," rafiki yangu alisema baada ya kikombe cha pili. "Chai ukinywa kikombe, ukinywa chupa, hakuna anayekuhesabu."

Toka siku hiyo nikawa nakwenda kwake jioni baada ya kibarua. Nilimchemshia maji ya kuoshea kidonda, nikamfunga bandeji jinsi muuguzi alivyonionyesha. Alikuwa na hasira wakati mwingine. Siku moja alitupa kikombe ukutani, akasema hataki kuuguzwa na fundi plasta. Nikaokota vipande, nikakaa mlangoni mpaka hasira ikaisha, nikaingia tena. Kidonda kilikuwa kinapungua, halafu kinarudi. Mwishowe alikubali nimpigie binti yake.

Binti alikuja na basi la jioni. Mwanamke mpole, amevaa sare za ualimu chini ya koti, kwa kuwa alitoka moja kwa moja kazini. Aliniamkia kwa kupiga magoti pale pale mlangoni. "Shikamoo, baba. Sikujua kama ana mtu huku. Kila nikimpigia anasema yuko sawa." Kisha akafungasha vitu vya baba yake kwenye begi moja, na begi halikujaa.

Kesho yake niliwasindikiza Msamvu. Stendi ilikuwa na kelele kama kawaida, wapiga debe wakivutana, wauza maji wakigonga vioo. Mimi na kondakta tulimpandisha rafiki yangu garini, tukampa kiti cha mbele ili anyooshe mguu. Alishika mkono wangu akaung'ang'ania.

"Njoo Dodoma," alisema.

"Nitakuja."

"Huji. Mimi dereva, namjua mtu anayekuja na asiyekuja." Halafu akaniachia. "Lakini nipigie."

Basi liliondoka. Nilisimama pale stendi nikisukumwa na watu, mpaka mpiga debe akaniuliza, "Mzee, unakwenda wapi?" Nikamwambia siendi. Nikarudi kwa miguu, njia yote hadi Mwembesongo.

Ni mambo ya mwaka juzi hayo. Kilabuni bado naenda, si kila siku. Mama muuzaji ananipa nusu bila kuuliza, na ninakaa ukutani. Vijana wananiamkia. Sidanganyi, yako majira ambapo nashika kopo lile la kijani nikaona heri ningebaki nyumbani, kisha nakumbuka nyumbani kulivyo, nakunywa. Sijapata mwenzangu mwingine. Labda sijamtafuta. Kule juu nimepanda mara moja tu, kwa misa ya kumwombea mke wangu. Mpwa wake amejifungua mtoto wa kike, na walinipa nimshike.

Jumapili mchana nampigia rafiki yangu, au yeye ananitangulia. Mguu walimkata chini ya goti. Anasema binti yake anampikia vizuri, wajukuu wanamchosha, na Dodoma ni vumbi tupu, hakuna pa kuweka macho. Hatuna habari nyingi. Nikishamweleza kibarua changu na yeye kunieleza kliniki yake, tunanyamaza, nasikia tu anapumua.

"Mlima umeonekana leo?" aliniuliza Jumapili iliyopita.

"Sijatazama."

"Toka ukatazame."

Nikatoka uani na simu sikioni, nikapita chini ya kamba ya nguo za mama mwenye nyumba, nikasimama karibu na bomba ambapo mabati ya jirani hayazuii.

"Mawingu yamekaa katikati," nikamwambia. "Kilele kiko wazi. Upande wa kushoto mvua inanyesha, nauona mstari wake."

"Inashuka mjini?"

"Bado. Iko kule kule juu."

"Kaa hapo kidogo," alisema. "Niambie ikianza kushuka."